Waya ya Mkwe

Ninyi vijana mnaosuka mota, mkija kwangu hapa Kalangalala huwa mnaniuliza mambo mawili. Mota kubwa kuliko zote niliyowahi kusuka ilikuwa ya nguvu kiasi gani, na mwanamke aliingiaje kwenye kazi hii. Nawajibu, mnacheka, mnamaliza chai, mnaondoka. Hakuna aliyewahi kuniuliza ni siku gani kazi hii iliniaibisha kuliko zote, na mimi sijawahi kusema. Lakini juzi nilimwona mmoja wenu dukani akinunua waya ya kusukia. Aliikwaruza kwa ukucha, akainusa, akasema hii nzuri, akaondoka nayo. Nilitaka kumwita, nikasita kumfundisha mtu mbele za watu. Basi nasema hapa, mnisikie wote kwa pamoja.

Karakana yetu ilikuwa Kahama, kando ya barabara inayokwenda upande wa Bulyanhulu. Tulikuwa tukiletewa mota zilizoungua kutoka kila upande: za karasha zinazovunja mawe, za mashine za kukoboa mpunga, za feni zinazopeleka hewa chini kwa wachimbaji, na za pampu zinazotoa maji kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu. Mimi nilianza kama msukaji. Vidole vyangu vilikuwa vyembamba, vikipita mahali ambapo vya wanaume vilikwama, na wanaume walikuwa wakiniita kama mtu anavyoomba koleo. Mama Milembe, njoo utuingizie hii. Nilikwenda, niliingiza, nilirudi kwenye benchi langu.

Mkubwa wetu alikuwa Fundi Hamisi, mtu wa Tabora, mrefu, mwenye kofia ya kufuma ambayo haikutoka kichwani hata mbele ya tanuri. Siku moja aliniuliza nimekulia wapi. Nikamwambia Ushetu, baba yangu alikuwa mkulima wa tumbaku. Akaniuliza nyumbani nilikuwa nikifanya kazi gani. Nikamwambia nilikuwa naangalia moto wa bani, ule mjengo wa kukaushia tumbaku, nihakikishe joto halipandi ghafla wala halishuki, maana jani likiharakishwa linaharibika. Akaitikia kwa kichwa, na kuanzia wiki ile akaniondoa kwenye kusuka, akanipeleka chumba cha nyuma kwenye oveni za kupimia.

Wengine walidhani nimeadhibiwa. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo.

Sasa sikilizeni, maana hii ndiyo kazi yenyewe. Waya ya mota inaonekana kama shaba tupu, lakini ile rangi ya asali mnayoiona juu yake ni ngozi nyembamba ya vanishi. Ngozi hiyo ndiyo inayozuia mzunguko mmoja wa koili usigusane na mwenzake. Joto la kila siku haliiunguzi ngozi hiyo kwa mara moja. Linaizeesha. Inakauka, inakosa kunyumbulika, inapata nyufa ambazo jicho haliwezi kuziona. Kisha siku yoyote, mota ikiwa kazini, mzunguko unagusa mzunguko, na kinachofuata mnakijua kwa harufu.

Fundi Hamisi alikuwa na njia yake ya zamani. Alizungusha waya kwenye msumari, akaipasha kwenye mkaa, akaikunjua na kuangalia kama ngozi imepasuka. Alikuwa haongopewi kirahisi. Hata hivyo alikiri mwenyewe kwamba msumari unasema waya ikoje leo, na mwenye mota anataka kujua itakuwaje baadaye. Ndipo karakana ikaanza kupima kwa jozi. Unachukua vipande viwili vya waya ileile, unavisokota pamoja, si kwa nguvu za kuumiza ngozi wala kwa ulegevu wa kuacha nafasi. Unaviweka kwenye oveni yenye joto kubwa kuliko lile ambalo mota italiona maishani. Kila baada ya muda uliopanga unavitoa, unaviacha vipoe, halafu unapitisha umeme mkali kati ya waya na waya. Ngozi ikiwa hai, taa haiwaki. Ikiwa imekufa, utasikia mlio mdogo kama wa punje ya chumvi motoni, na taa nyekundu itawaka. Zilizo hai unazirudisha. Unafanya hivyo kwa oveni tatu, kila moja na joto lake, na kwa kulinganisha jinsi zinavyokufa kwenye joto kubwa na dogo, unakadiria zitaishi muda gani kwenye joto la kawaida.

Na siku zote weka pembeni jozi za waya unayoijua na kuiamini, kwenye oveni hiyohiyo. Zikifa zote pamoja, huenda oveni ndiyo inayodanganya. Kipimajoto kikae karibu na jozi, si karibu na mlango. Msiguse waya na mikono yenye jasho. Mlango usifunguliwe ovyo.

Hilo la mlango nililijua kwa kuaibishwa. Kuna wakati jozi zangu za oveni ya kati zilikuwa zinakufa bila mpangilio, nzuri na mbaya pamoja. Niliandika, nikafuta, nikamsumbua Fundi Hamisi mpaka akachoka. Siku moja wakaja wageni wa mgodi mmoja kuangalia kama tunafaa kupewa kazi zao, watu waliovaa vizuri, na mimi nikapewa heshima ya kuwaeleza upimaji. Nikaeleza kwa madaha. Nikafungua oveni ya kati. Kwenye rafu ya chini, chini ya jozi zangu, vilikuwa vimepangwa viazi vitamu vya vijana wa kusuka, vimeiva vizuri, vinatoa mvuke. Mgeni mmoja aliuliza kama hicho nacho ni kipimo. Kazi hatukupewa. Nilifunga kufuli kwenye oveni zote tangu siku hiyo, na kwa muda mrefu nilikuwa siwezi kupita mbele ya mama anayeuza viazi nisione mashavu yanapata moto.

Lakini hiyo ni aibu ya kuchekea. Nataka kuwaambia ile nyingine.

Fundi Hamisi alikuwa amekwisha kurudi kwao Tabora, macho yamepungua nguvu, na upimaji wote ulibaki mikononi mwangu. Mwenye karakana, Mzee Mayunga, alipata shida ya waya. Muuzaji wetu wa siku zote alikuwa amefunga duka. Ikaletwa waya mpya, roli nyingi, boksi safi zenye nembo. Mzee Mayunga akanipa roli moja akasema niipime kabla haijaanza kutumika. Nikasokota jozi zangu, nikaziweka kwenye oveni tatu pamoja na jozi za waya yetu ya zamani, nikaanza kusubiri.

Jozi za waya mpya kwenye oveni ya joto kubwa zilianza kufa mapema. Sikushtuka sana. Kwenye joto lile hata waya nzuri haichelewi.

Jumapili iliyofuata binti yangu Milembe alikuja nyumbani baada ya misa. Alikuwa ameolewa na kijana wa Ushirombo, Msumbwa, Deogratias, ambaye sote tulimwita Deo. Deo alikuwa na duka dogo la vipuri pale Kahama na alikuwa akizunguka na pikipiki kuwauzia wachimbaji mikanda, beringi na nyaya. Milembe alikuwa na furaha mpaka hakukaa chini. Aliniambia Deo ameuza ng'ombe ambao baba yake alimpa kuanzia maisha, akaenda Mwanza kwa mfanyabiashara mmoja, akaleta waya ya kusukia mota, na karakana yetu ndiyo imeichukua. Alidhani nitaruka kwa furaha. Nilimimina chai, nikamwambia Mungu awabariki.

Wasioijua mila ya kwetu niwaeleze kidogo. Mama mkwe na mume wa binti yake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Kwa sisi tuliolelewa kule vijijini, hamshikani mikono, hamtazamani usoni, hamli pamoja, na mkikutana njiani mmoja anachepuka. Kuna miji ambako watu wameshaacha. Mimi sikuacha. Mama yangu alinilea hivyo, na tangu Deo amwoe Milembe nilikuwa sijawahi kusema naye moja kwa moja. Nilikuwa namjua kwa sauti zaidi kuliko kwa sura.

Jumatatu nilimwendea Mzee Mayunga nikamwomba anitoe kwenye upimaji wa waya ile. Nikamweleza sababu. Aliniuliza kuna nani mwingine wa kupima. Hakukuwa na mtu. Akasema basi nipime kama ninavyopima siku zote, na nikimaliza niseme nilichokiona.

Tangu hapo kila asubuhi nilifungua oveni zile. Jozi za waya yetu ya zamani zilikuwa zinasimama. Za Deo zikaanza kufa kwenye oveni ya kati. Halafu zikaanza kufa hata kwenye oveni ya joto dogo, ambako kwa kawaida huwa nasubiri mpaka nasahau. Nilikata kipande cha waya ile nikakikuna chini ya lenzi. Chini ya vanishi mpya kulikuwa na mabaki ya vanishi nyingine, nyeusi. Ilikuwa shaba ya mota zilizoungua, imevutwa upya, ikapakwa ngozi nyembamba ya kudanganyia, ikafungwa kwenye boksi jipya.

Nilikwenda ofisini nikiwa na ovaroli, mikono imejaa vanishi, kitambaa cha kichwani kimelegea. Sikubisha hodi kwa sauti. Nikaingia nikisema waya hii isitumike hata kidogo, imerudiwa. Kisha nikaona viatu vya mtu wa pili, karibu na mlango. Deo alikuwa ameleta roli nyingine.

Nilivuta kanga yangu niliyoitundika pale asubuhi kwenye msumari wa ukutani nikaizungushia ile suruali kiunoni, nikageukia ukuta. Naye aligeuka akatazama nje. Tukazungumza kupitia kwa Mzee Mayunga aliyekuwa amekaa katikati yetu kama mkalimani, ingawa wote watatu tulikuwa tunasema Kiswahili kilekile.

"Mwambie mama," Deo akasema, "waya imetoka kwenye boksi zenye nembo. Nimeipima kwa mega, inasoma vizuri."

Mega mnaijua, kile kipimo cha kuangalia kama umeme unavuja. Nikasema amwambie kwamba mega inasema habari za leo tu. Deo akaomba aonyeshwe. Hakuomba kwa ubishi. Aliomba kama mtu anayeomba kuonyeshwa mwili wa marehemu ili aamini.

Nikatangulia chumba cha nyuma, yeye akasimama mlangoni. Nilichukua jozi zilizokuwa zimepoa, nikaanza na za waya yetu ya zamani. Taa haikuwaka. Nikachukua zake. Mlio, taa nyekundu. Nyingine, mlio, taa nyekundu. Nilitaka kuishia hapo. Nilisikia anamwambia Mzee Mayunga kwamba mama aendelee mpaka mwisho. Nikaendelea, nikiwa nimeinama, na kila taa ilipowaka nilihisi kama namvua mtu nguo mbele za watu. Iliwaka mpaka jozi ya mwisho.

Ndipo Mzee Mayunga akakaa kwenye boksi akashika kichwa. Akatuambia ambacho alikuwa hajaniambia. Mwenye duara mmoja alikuwa amekuja akilia kwamba maji yanajaa na pampu yake imeungua. Mzee akaona huruma, akawaruhusu vijana wasuke mota ile kwa waya mpya bila kunisubiri. Mota ilikuwa imeondoka karakana muda sasa. Ilikuwa kazini, na chini ya duara kulikuwa na watu.

Tulipiga simu. Haikupatikana. Machimbo yale yalikuwa ndani, upande wa Geita, simu zinashika mtu akipanda juu ya kifusi. Gari la karakana lilikuwa limepeleka mota Shinyanga. Mvua ilikuwa imenyesha, na vijana wa bodaboda pale kituoni walipotajiwa njia ile walikataa mmoja baada ya mwingine, wakasema mto umejaa. Aliyekuwa anaijua njia ya kuzunguka ni mmoja, Deo, maana ndiyo ilikuwa njia ya biashara yake. Mzee Mayunga akasema Deo aende. Deo akasema akienda peke yake hawatamwamini, watadhani ni ugomvi wa kibiashara. Anayejua kupima aende.

Hakuna aliyenitazama. Wote wawili walikuwa wanatazama chini, na mimi nilikuwa natazama kanga yangu.

Nikapanda.

Mwanzoni nilikaa upandeupande, kama mwanamke mwenye heshima zake, mkoba wangu wa vifaa nimeuweka katikati yetu nisimguse mgongo. Tulipita katikati ya mji. Niliona mama mmoja wa jumuiya yetu amesimama na ndoo, mdomo wazi. Nilitamani kanga inifunike mpaka miguuni. Tulipofika kwenye mteremko wa kwanza wenye tope, gurudumu likateleza, nikaanguka ubavu mzima. Deo alisimamisha pikipiki. Hakuweza kunipa mkono aniinue. Alisimama amenipa mgongo, akasubiri, na nilisikia anapumua kwa shida kama yeye ndiye aliyeanguka. Niliinuka mwenyewe, nikafunga kanga kiunoni juu ya ovaroli iliyojaa tope, nikapanda kama wanaume wanavyopanda. Njia nzima hatukusema neno. Kwenye makorongo mkoba ulikuwa ukichomoka, na mara nyingine nilishika bega lake nisianguke. Nilishika, nikaachia, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

Mwenye duara alikuwa Msukuma wa makamo anaitwa Maganga. Alinikaribisha kwa adabu. "Mwadila, mayu," akanisalimu, huku anaangalia tope langu. Nikamweleza nilichokuja kusema. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipeleka kwenye pampu. Ilikuwa inavuta maji bila tatizo. Akaweka kiganja juu ya mota, akaniambia nami niweke. Joto lilikuwa la kawaida. Wakaizima kidogo, nikapima kwa mega. Ilisoma vizuri. Wachimbaji waliokuwa juu walikusanyika, na mdomo wa duara ulikuwa pale karibu, kamba zimeshuka gizani, na sauti za watu zikisikika chini wakigonga mwamba.

"Sasa hii itaungua lini?" Maganga akaniuliza.

Nikamwambia sijui.

Hapo wakacheka. Sikuwalaumu. Mtu ametoka Kahama kwenye tope lote lile kuja kusema hajui. Nilijaribu kueleza habari za jozi, za oveni, za ngozi inayozeeka. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mtu aliyechanganyikiwa. Kazi yetu ina udhaifu huo, wanangu. Inaweza kukuambia kitu hakitaishi, na isiweze kukutajia siku ya kufa. Maganga akaniambia kwa upole kwamba akisimamisha pampu maji yatapanda na kazi ya msimu mzima itapotea, na hawezi kufanya hivyo kwa neno la sijui. Nilibaki nimesimama na mega yangu mkononi, nikitamani ardhi iniweke pamoja na wale waliokuwa chini.

Deo alikuwa amebaki nyuma kwenye pikipiki. Akaja mpaka katikati ya watu. Hakunitazama.

"Waya iliyomo humo ni yangu," akasema. "Mimi ndiye niliyeiuza na ni mbovu, nimeona kwa macho yangu. Na huyu ni mama mkwe wangu. Ametoka Kahama mpaka hapa juu ya pikipiki yangu, mgongoni kwangu. Watoeni watu."

Kicheko kikakatika. Wengi pale walikuwa Wasukuma, waliolelewa kama nilivyolelewa mimi. Wakaniangalia nilivyojaa tope, kanga imefungwa juu ya suruali, wakamwangalia na yeye, kisha wakaangalia pembeni wasituone. Nilichokieleza kwa maneno yangu yote ya ufundi hawakukielewa. Hili walilielewa mara moja. Walijua watu wawili wa namna ile hawapandi pikipiki moja kwa jambo dogo. Maganga hakuniuliza swali tena. Aliinama kwenye mdomo wa duara akawaita watu wake kwa Kisukuma, mmoja mmoja kwa jina.

Walipanda wakiwa wamejaa udongo, wakifumba macho kwa jua, wakiuliza nani amesimamisha kazi. Wenzao wakanionyesha mimi kwa kidevu. Hakuna aliyeshukuru, na hakukuwa na sababu ya kushukuru, maana hakuna kilichotokea. Pampu ikazimwa. Tulipokuwa tunaondoka maji yalikuwa yameshaanza kusikika yakijaa.

Mota ile ililetwa karakana, tukaifungua. Haikuwa imeungua. Koili za upande mmoja zilikuwa zimebadilika rangi, na nilipozigusa ngozi ilibanduka kama magamba ya samaki aliyekauka, lakini mzunguko ulikuwa bado haujagusa mzunguko. Mzee Mayunga alisema huenda ingedumu mwezi, huenda isingemaliza siku ile. Nilimwambia hata mimi siwezi kusema. Tulimsukia Maganga mota nyingine bila malipo. Duara lake lilichukua muda mrefu kukauka, na nasikia mpaka leo akinitaja ananiita yule mama wa sijui.

Mfanyabiashara wa Mwanza hakuonekana tena. Deo alifunga duka. Pale Kahama watu walikuwa na la kuzungumza, na walichozungumza hakikuwa waya. Wanawake sokoni walimwuliza Milembe kama siku hizi mume wake anambeba mama au binti. Alinijia mchana mmoja, hakuingia ndani, akasimama uani.

"Ulijua tangu ile Jumapili," akasema. "Ungeniambia mimi, mama. Ningemwambia mume wangu taratibu chumbani kwetu, akaenda kuichukua waya yake mwenyewe."

Nilitaka kumwambia kwamba siku ile oveni moja haikutosha kusema chochote. Ni kweli, haikutosha. Nilifungua mdomo, na ukweli huo ukaonekana mdogo sana mbele ya uso wake. Akaondoka, na msimu mzima wa kilimo ukapita bila kukanyaga kwangu.

Baadaye nikaitwa Ushirombo kwenye kikao cha familia ya Deo. Nilivaa kitenge changu kizuri kuliko vyote, nikaenda kama mtu anayekwenda kusomewa kesi. Baba yake, mzee wa kanisa anayesema polepole, alisema kuna mambo mawili, ng'ombe na pikipiki. Kuhusu ng'ombe, alisema waliuzwa na mwanawe na wakapotea mikononi mwa mwanawe, mama mkwe asitajwe. Kuhusu pikipiki, alisema lilikuwa jambo la lazima, ila halifai kubaki likining'inia hewani, na wakaomba nilete mbuzi ili liishe. Nilileta. Tulimla wote, mimi na akina mama nyuma ya nyumba, Deo na wanaume mbele. Mama yake Deo aliniwekea maini kwenye sahani yangu. Nilikula huku nimeinama, na machozi yakaingia kwenye mchuzi.

Milembe alirudi wakati wa mavuno, amebeba karanga. Tulikaa tukazibambua mpaka jioni, tukazungumza habari za mvua na za jirani. Jambo lile hatujaligusa mpaka leo.

Deo mwenyewe alikaa kwao akilima, kisha akamwendea Mzee Mayunga kuomba kazi. Hakuomba kusuka. Aliomba kufundishwa kupima. Mzee alinijia na habari hiyo akidhani nitakataa. Nilikubali, ila sikujua nitamfundishaje mtu nisiyeweza kumtazama. Tulipata namna. Yeye alisimama upande wa dirisha, mimi upande wa oveni, na nilifundisha kwa sauti nikiongea na ukuta. Nilikuwa nasema, sasa mtu akisokota, asivute mwishoni. Naye alisokota, akaweka jozi mezani, akarudi nyuma, ndipo nikasogea kuiangalia. Ikiwa mbaya niliiacha palepale. Ikiwa nzuri niliichukua. Alijifunza haraka kuliko nilivyojifunza mimi, na alikuwa mkali kuliko mimi. Roli ikikataa kwake, hakuna muuzaji aliyemshawishi. Alimwita muuzaji mwenyewe faraghani kwanza, akamwonyesha jozi zake zote akiwa peke yake, akampa nafasi ya kubeba mzigo wake kabla neno halijafika ofisini. Hilo sikumfundisha mimi.

Siku yangu ya mwisho kazini walinifanyia sherehe ndogo uani, soda na pilau. Baadaye nilirudi chumba cha nyuma kuchukua vitu vyangu. Deo alikuwa pale. Nikasita mlangoni. Alikuwa ameelekea oveni, na aliongea akiwa ameielekea, lakini safari hii hakukuwa na mtu wa katikati.

"Mama. Zile jozi zangu. Ulikuwa unatamani zipone?"

Mkono wangu ulikuwa kwenye fremu ya mlango. Nilijibu nikitazama sakafu.

"Kila asubuhi, baba. Nilikuwa nasali kabla ya kufungua mlango."

Aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa, polepole. Nilivua glavu zangu za joto, zile ambazo zilikuwa zimeshachukua umbo la mikono yangu, nikaziweka mezani, nikatoka. Nilipokuwa naelekea getini niligeuka mara moja. Alikuwa bado hajazigusa. Alikuwa anasubiri nifike mbali.